Digrii Moja na Nusu

Siku hizi, jua likishazama, juu ya paa la nyumba ile hapasikiki tena mtu akitaja namba. Kwa miaka sita majirani walikuwa wamezoea: mwanamke anasoma, mwanamume anaitikia, mwanamke anasoma tena, utadhani wanapimiana mbao. Mshonaji wa nyumba ya pili aliwatania kwamba wazee wenzao wakistaafu hufuga kuku, wao wamefuga nyota, na yai hawajaliona.

Mwanamume alikuwa fundi saa. Mtaani walimwita Nusu Sekunde, kwa kuwa aliwahi kumfuata mteja hadi kituo cha basi kumwambia saa aliyomrudishia bado inachelewa nusu sekunde kwa siku, na kwamba yeye nafsi inamsuta. Darubini aliiunda kwa mikono yake, isipokuwa vioo na kamera, alivyotumiwa na binti yao. Mkewe, aliyepiga chapa mahakamani miaka thelathini, ndiye aliyekalia kompyuta.

Darubini haiwezi kuifuata nyota mpaka mhimili wake uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo mbingu yote huizunguka. Kwao nukta hiyo ilifichwa na ghorofa la jirani. Basi kamera ilipiga picha tatu za upande wowote ulio wazi, darubini ikizungushwa kidogo kila mara, na programu ikalinganisha nyota hizo na orodha yake ikasema mhimili umekosea kiasi gani. Mke alisoma kosa, mume akakaza au kulegeza skrubu mbili, mpaka kosa likayeyuka. Ndipo walipopiga picha yenyewe, dakika tano bila kugusa kitu.

Macho ya fundi yalianza kufa kimyakimya. Presha ya macho, daktari alisema, na asubuhi ya siku waliyopiga picha yao ya mwisho akaongeza kwamba lililokwenda halirudi, na lililobaki, upembe mwembamba wa kuonea katika jicho la kushoto, halitamaliza mwaka. Fundi alishukuru akarudi nyumbani. Saa kumi akamwambia mkewe anakitaka Kilimia, kile kishada cha nyota, picha moja, aisafishe kwenye karatasi kubwa, aitazame maadamu upembe ule upo.

Jioni ile kosa lilianza digrii nne. Likashuka hadi moja na nusu, likagoma.

"Ngapi, mama?"

"Moja na nusu."

Skrubu ya chini ilikuwa imeshika kutu. Mke alimwona akiisukuma kwa viganja viwili, na mawingu yakipanda kutoka upande wa mvua. Akaulizwa tena, akajibu moja na nusu. Akaulizwa mara ya tatu, na sauti ya mumewe ilikuwa imebadilika.

"Dakika mbili," akasema mke. Dakika sitini ndizo digrii moja. Dakika mbili ni kama hakuna kosa.

Fundi akakaa chini, akacheka. "Unaona? Mkono bado upo."

Wakapiga picha. Kwenye kioo cha kompyuta nyota zilikuwa zimevutika kama mikwaruzo ya kucha. Alipomuuliza zikoje, mkewe alimwambia ni mviringo, kama punje za mtama. Alijua njia ya mwongo ni fupi, lakini alidhani mtu asiyeona uso wake kwenye kioo hatafika hata mwisho wa hiyo fupi.

Alisahau kwamba huyu alikuwa mtu wa lenzi. Siku mbili baadaye, kwenye duka la picha, fundi aliweka kikuza chake cha kazi kwenye jicho la kushoto, akaigeuza karatasi mpaka upembe ukaikamata, na akakaa nayo muda mrefu. Msafishaji picha akamuuliza kwa heshima kama aliipigia ndani ya gari linalokwenda.

Alirudi nyumbani, akaiweka bahasha mezani.

"Ilikuwa ngapi?"

Mke hakuuliza nini. "Moja na nusu."

"Na mtama?"

"Niliona mistari. Sikutaka ulie, baba. Siku ile hapana."

"Ningelia," akasema fundi. "Kisha tungeitia skrubu mafuta, tukarudia kesho yake." Akaisogeza bahasha upande wa mkewe. "Mimi nimebaki na macho yako tu. Sasa hayo nayo sijui yanaona nini."

Waliitia mafuta. Mvua ikakaa wiki tatu, na anga lilipofunguka ule upembe ulikuwa umekwenda.

Hakumkasirikia mkewe wala hakumnunia. Alimwuliza tu kila kitu, halafu akamwuliza mshonaji. Shati hili ni la buluu? Chupa hii ndiyo ya dawa? Mshonaji, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, alikuwa akijibu akiangalia chini, maana mke alikuwa amesimama papo hapo mlangoni na jibu lake lilikuwa lilelile. Mwishowe mke mwenyewe ndiye aliyempigia binti simu, akasema, "Njoo umchukue baba yako. Kwangu anaishi na watu wawili, mimi na mshonaji, na mmoja hamwamini."

Fundi sasa anakaa kwa binti yao, katika chumba cha chini kilicho karibu na jiko, mwendo wa saa saba kwa basi. Mkwewe humtia dawa ya kushusha presha ya macho, tone moja asubuhi na moja jioni.