Mama Ngonyani na maji meupe ya batiki: nilichokiona Songea enzi za ruksa

Wakuu, salaam.

Hiki nimekiona kwa macho yangu, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, mume wangu alihamishiwa Songea kufundisha kemia. Mwenye nyumba wetu, Mama Ngonyani, alikuwa anatengeneza batiki uani. Mjane, ana watoto wanne, wote wanakula na kusoma kwa batiki hizo.

Shida ikawa maji machafu. Rangi na kostiki soda, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, vyote vinaishia kijitoni, majirani wa bondeni wakachoka kuchota maji ya zambarau.

Bwana afya akamwambia: rekebisha au funga.

Mume wangu akamuundia mtambo. Pipa, mabamba ya chuma, betri ya gari, basi. Ukipitisha umeme, rangi inaganda na kuelea juu kama povu la maharage, chini yanabaki maji meupe. Aisee, nilibaki mdomo wazi.

Akamuonya: "Mama, iliyotoka ni rangi tu. Kostiki bado imo, hayanyweki."

Siku ya ukaguzi mume wangu yuko kazini, mimi nipo uani na mama. Bwana afya, kijana wa kutoka Mwanza, akaamkia, akachungulia pipa, akauliza, "Mama, haya maji ni salama kweli?"

Sasa kule Songea, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza, akutoe hofu ya sumu. Mama kakulia humo. Nadhani alijiona anashukiwa.

Akachota kikombe, akapiga funda.

Macho yakamtoka, machozi yakamtiririka. Lakini kutema mbele ya mgeni ni kukiri umemwekea sumu.

Akameza, wakuu.

Bwana afya wala hakuelewa kuwa mama ameungua. Akatabasamu, akanyoosha mkono apokee kikombe naye anywe. Kazi ya mama ilikuwa imeshapona pale.

Mama akakimwaga chini.

"Usinywe, mwanangu," akasema, sauti imekwaruza. "Yanaunguza."

Tukamkimbiza hospitali. Alipona, ila sauti yake haikurudi kama zamani. Batiki ikafungwa, na binti yake mkubwa akaacha shule.

Funzo: maji kuwa meupe siyo kuwa safi. Hilo jepesi.

Zito ni hili. Koo linawaka, watoto wanne wanakutegemea, na mgeni amesharidhika. Wewe ungekimwaga kile kikombe?

Nawasikiliza.