Mtama wa Vihenge Viwili

Saa moja asubuhi, kijijini Didia. Umande haujakauka, na Mageni, fundi wa kusuka vihenge vya nafaka, amechuchumaa mbele ya kazi yake mwenyewe, kisu mkononi, akikata mishono aliyoishona wiki iliyopita. Anakata polepole. Hakuna fundi anayefurahia kufumua alichokisuka.

Nyuma yake mtama umemwagwa juu ya ngozi za ng'ombe. Mlangoni pa nyumba ndogo, Melania, mkwe wa mwenye nafaka hii, ameketi karibu na nguo zake, zilizokwisha kufungwa furushi. Kaka yake anatarajiwa leo kutoka Tinde kuja kumchukua. Akiondoka, ataondoka na jina la mwizi, na ng'ombe wa mahari watarudi njia waliyojia.

Mageni ana miaka hamsini na kitu. Ujana wake aliumalizia Nyarugusu akichimba dhahabu, hadi jiwe lilipomvunja mguu. "Dhahabu ilinipa kilema, fito zinanipa ugali," anasema, kisha anacheka peke yake, maana mzaha huo wanakijiji wameshauchoka. Ujira wa kihenge kikubwa ni beberu mmoja. Mwaka wa ukame, kama huu wa 1953 ulivyoanza, fundi hupewa shukrani na maji ya kunywa.

Kazi yenyewe huanza na kigingi. Mageni hukipigilia chini, hufunga kamba, kisha huzunguka nayo akichora duara. Juu ya duara hilo husimamisha ukuta wa fito, zilizosukwa zikabanana mpaka panya hapati pa kupenya. "Nionyeshe kamba yako," hupenda kusema, "nami nitakwambia kihenge chako."

Majigambo hayo ndiyo yaliyomponza.

Bibi Nyamizi, anayeitwa hapa Mama Pantaleo, alikuwa na vihenge viwili vilivyolingana, vyote vimejaa hadi ukingoni. Mchwa wakala nguzo zake. Mwanawe Pantaleo, mume wa Melania, yuko Nyarugusu migodini, kwa hiyo mama akamwita Mageni. Fundi akatazama, akaona kuta bado nzima. Akashauri azifungue, aziunganishe ncha kwa ncha, kipatikane kihenge kimoja kikubwa. Fito zilezile, kimo kilekile.

Kazi ikafanyika. Melania akasiriba sakafu kwa udongo na samadi, kisha akaurudisha mtama wote ndani peke yake, kwa sababu siku hiyo mama mkwe alikuwa msibani. Bibi aliporudi akachungulia ndani. Mtama ulikuwa umefika nusu ya ukuta.

Lo! Kuta mbili zilizokuwa zimejaa, leo kuta hizohizo zimebaki nusu. Na katika mji wa Mama Pantaleo hakuna anayehesabu vikapu vya chakula. Kuhesabu chakula, wanasema, ni kuita njaa. Mtama huangaliwa ulipofika ukutani, basi. Majirani wakanong'ona kwamba penye moshi hapakosi moto, na kwamba kwao Melania si mbali. Haki ya Mungu, hata mwandishi wa habari hizi angemshuku.

Mageni naye alimshuku. Akaenda kumuuliza. Binti hakulia wala kuapa.

"Baba, mtama ulikokwenda sikujui," alimwambia. "Ninalojua ni kwamba sakafu ya kihenge cha zamani nilikuwa naisiriba kwa karai moja la udongo. Hii nilidhani itakula mawili. Imekula manne."

Neno hilo likamkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki. Akatwaa kamba, akapima. Kamba ya duara jipya, kutoka kigingini hadi ukutani, ilikuwa mara mbili ya ile ya zamani. Hapo hapakuwa na ajabu, kwani ukuta nao umekuwa mara mbili. Kamba na ukuta huongozana. Lakini sakafu je? Akachora uani duara dogo, na jingine la kamba mara mbili, akatandaza kunde ndani yake, punje kando ya punje. Duara dogo likala bakuli moja. Kubwa likala manne.

"Nilikaa chini nikacheka," anasimulia. "Kamba hurefuka upande mmoja tu. Sakafu hutanuka mapana na marefu, yote kwa pamoja. Nilidhani nimejenga vihenge viwili katika kimoja, kumbe nimejenga vinne. Mtama wa viwili ukikaa ndani ya vinne, utafika wapi?"

Akampelekea Mama Pantaleo kunde zake. Bibi akatazama mpaka mwisho, akasema kunde ni kunde na mtama wake ni mtama. Basi, akajibu Mageni, nitafumua.

Ndiyo kazi ya asubuhi hii. Mshono wa mwisho unakatika. Kuta zinatengana, kila moja inazungushwa peke yake, inashonwa na kusimamishwa juu ya ngozi nyingine. Mama Pantaleo hataki mtu mwingine aguse. Anapanda kigoda, anamimina mwenyewe, kikapu baada ya kikapu. Kihenge cha kwanza kinajaa. Lundo bado lipo. Anahamia cha pili. Punje za mwisho anazikwangua kwa viganja. Mtama unafika ukingoni.

Bibi anaupitisha mkono wake juu ya nafaka. Aibu imemjaa, na haifichi. Anashuka, anakwenda mlangoni pa nyumba ndogo, anainama na kulifungua furushi la Melania kwa mikono yake.

Mageni anakunja kamba. Lipo jambo jingine linalomsumbua, anasema: duara lolote, liwe la kikapu au la kihenge, ukuta wake hula kamba sita na kijipande. Kijipande hicho hakikosi, wala hakijawahi kumtoka sawasawa. Anataka akipate kabla hajafa.

Lakini anaitwa.

"Baba Athanas," anasema Mama Pantaleo, akimwita fundi kwa jina la mwanawe, "kiunganishe tena kiwe kimoja. Nusu iliyobaki tutailimia." Kisha, bila kumtazama mkwewe usoni: "Safari hii udongo wa kusiriba nitauchota mimi."

"Makarai manne, mama," anasema Melania.