Nani Ameshika Simu

Niseme ukweli tangu mwanzo tusisumbuane: nilimwonea wivu wifi yangu, na sijui kama nimeacha. Mdogo wangu nimemlea mimi. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa darasa la tatu na mimi ndiyo kwanza nimeanza kukaa kwenye cherehani. Kila shati lake la shule nilishona mimi, mpaka alipohitimu ufundi. Sasa anatengeneza majokofu ya kuhifadhia chanjo. Anazunguka na gari dogo la kazi, zahanati hadi zahanati, wiki tatu barabarani, moja nyumbani.

Huko aendako anapiga picha. Daraja, kilima, mto uliofurika, foleni ya kina mama na watoto mgongoni. Na kila kituo lazima awepo mwenyewe, kasimama kando ya jokofu lililopona, meno yote nje. Zote anamtumia mkewe. Mkewe ni mwalimu wa chekechea, mwanamke wa taratibu, na kila picha anaipeleka studio kusafishwa, kisha anaitundika sebuleni. Watoto wao wanajua safari za baba yao kwa kuzinyooshea kidole ukutani. Jambo zuri, nani atabisha? Lakini picha yangu na mdogo wangu, ile ya siku ya mahafali yake, iliondolewa kupisha mto. Nilikuja kuikuta kwenye korido, juu ya swichi ya taa.

Nikajikausha. Siku chache baadaye wifi alikuja kibandani kwangu kuchukua sare za wanawe, akanionyesha picha mpya kwenye simu. Mdogo wangu yuko mlangoni mwa zahanati, bisibisi mkononi, anacheka mpaka macho yamefumba. Mbele yangu hajacheka hivyo miaka mingi. Roho iliniuma. Nikamrudishia simu yake na kumwuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia vifungo:

"Kapendeza. Ila wifi, hapa nani ameshika simu?"

Alirudi kwenye picha za nyuma, moja, nyingine, nyingine tena. Zote anacheka, na zote anacheka na mtu asiyeonekana. Niliona uso unamshuka, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikatia na chumvi: nikasema zahanati zina manesi, na manesi nao wana mikono miwili kama watu wengine.

Basi nyumba ile ikakosa amani. Wifi alimwuliza mumewe, naye akajibu kwamba ni watu tu wa palepale. Watu gani hao wasio na majina? Picha zikaacha kusafishwa. Mdogo wangu akanipigia mimi, akasema mkewe kamwambia abaki hukohuko kwa anayemchekesha, na yeye kosa lake halijui. Akaniomba niende nikaongee naye. Nikasema nitajaribu. Sikwenda. Wiki nzima alinipigia kila siku nikitoka kazini, na mimi nilikuwa naingoja simu ile kama msichana anayechumbiwa.

Shule zilipofungwa, wifi alikata shauri. Aliniachia watoto, akapanda na mumewe gari la kazi akamtafute huyo mpiga picha kwa macho yake. Walikaa siku kumi na mbili.

Aliporudi alipitia kwangu kwanza, jua limemchoma, anacheka. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akanieleza. Zahanati ya kwanza, aliyeshika simu alikuwa mlinzi mzee wa mikono inayotetemeka. Ya pili, mama aliyeleta mapacha. Ya tatu alikuwa nesi, ndiyo, nesi mwenye wajukuu sita. Mdogo wangu humpa simu yeyote aliye karibu, lakini kwanza humwonyesha picha za nyumbani: huyu mke wangu, huyu wa kwanza, huyu wa mwisho hapendi viatu. Wakishacheka pamoja ndipo anapigwa yake. Kwa hiyo wifi alipoteremka garini, watu walimjua. Nesi alimkumbatia na kumwuliza kama yule wa mwisho ameshakubali viatu. Wamepiga picha pamoja, wamepeana namba, na mama wa mapacha tayari ameshamtumia salamu.

"Kumbe muda wote alikuwa anacheka na sisi, wifi," aliniambia. Hakunilaumu. Labda alisahau swali lile lilitoka kinywani mwa nani, labda alikumbuka akanistahi.

Ningenyamaza pale ningebaki na heshima yangu. Sikuweza. Nilishika gurudumu la cherehani, nikauliza bila kumtazama:

"Na mimi je? Kwenye hizo picha za nyumbani, huwa ananionyesha?"

Angeweza kunidanganya, na ningemwamini. Lakini ni mwalimu wa watoto wadogo, hajazoea uongo. Alitazama simu yake kwa muda, kisha akaizima na kuiweka pajani.

"Nitamwambia akuweke, wifi," alisema kwa upole.

Nikamwomba asimwambie.