Kibao cha Saluni

Nilipangiwa kufundisha Newala nikiwa binti mgeni kutoka Bukoba. Jioni majirani walikaa barazani wakipiga soga kwa Kimakonde. Mimi walinisalimia kwa Kiswahili, wakaniuliza habari za shule, kisha maneno yakatuishia. Nikaingia chumbani na kujifanyia mazoezi ya mwandiko niliofunzwa na masista: herufi za kuunganisha, zilizolala kidogo, zenye mikia ya kujikunja. Sikuwa na wa kumwandikia. Nilinakili tu maneno ya kwenye gazeti lililofungiwa sukari.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara za watu binafsi, na kila aliyepata mtaji kidogo alitoboa dirisha la duka ukutani kwake. Mama wa nyumba ya pili akaamua kufungua saluni. Alikuwa ameuona mwandiko wangu ubaoni siku ya kikao cha wazazi.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia alipokuja.

"Marahaba, mwalimu. Nataka kibao. Herufi ziwe kama za kadi za harusi, si kama zile za kibao cha zahanati."

Nilianza kesho yake baada ya vipindi, barazani kwake, na kopo la rangi nyekundu na brashi nyembamba. Maneno yalikuwa matatu tu: Saluni ya Wapendanao. Wanawake waliokuja kusukwa waliniletea kigoda, wakanimegea muhogo wa kuchemsha, wakanifundisha kuitikia salamu kwa Kimakonde na kunicheka nilipokosea. Herufi ya kwanza peke yake ilinichukua jioni nzima. Nikaiongezea mkia, nikaurefusha mpaka ukapita chini ya neno zima. Kesho yake nikaona herufi ya mwisho nayo inahitaji wa kwake. Kisha nikaanza maua ya pembeni, ambayo hakuna aliyeniagiza.

"Mwalimu," yule mama aliniambia hatimaye, kwa upole, "si kimeshakuwa kizuri?"

"Bado kidogo."

Akakitazama kibao, akanitazama na mimi. "Hata kikiisha, uje tu. Kukaa hapa hakuhitaji kazi."

Nikasema ahsante, nikamaliza siku ile ile.

Walikipigilia juu ya mlango. Wapita njia walisimama kukisifu, ingawa wengine walimuuliza mwenyewe kimeandikwa nini, maana mikia ilikuwa imeyafunika maneno. Yeye alijibu kwa fahari kwamba mwenye kutaka kujua aingie ndani.

Nilipopita kutoka shule aliniita, "Karibu, mwalimu." Nami nikajibu, "Nitakuja, mama." Nilitaka sana. Lakini bila brashi sikujua nikae wapi wala mikono niiweke wapi. Kazi nyingine za vibao zikaja, bucha moja Mkunya, duka la vitenge Masasi, na kila mahali nilikuwa mtu wa watu mpaka rangi ikauke.

Uhamisho ulipotoka, nilienda kumuaga. Alikuwa anamsuka mteja. Alisogea kwenye mkeka akaniachia nafasi, nikakaa mikono mitupu hadi kichwa kile kikaisha kusukwa.