Nilivyopamba sebule kwa barua za uchumba, baba mkwe akazisoma

Wakuu, heshima kwenu wote. Ninayoyaleta hapa yalinipata mwenyewe, na mke wangu yuko hai, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Nimeona humu mtu anauliza namna ya kutengeneza mapambo ya Krismasi na watoto wadogo kwa vitu vya nyumbani.

Mimi ni expert. Someni.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, tunaishi Rwamishenye, Bukoba. Nilikuwa karani wa ghala la kahawa, kijana wa suruali za bugaluu, confidence kubwa kuliko akili. Watoto wawili: Koku, darasa la kwanza, na Mugisha, miaka minne.

Siku moja kabla ya Krismasi mke wangu, Adelina, akasikia sukari imefika duka la ushirika. Akaondoka asubuhi kuwahi foleni, akaniachia watoto na agizo moja: "Baba Koku, nyumba iwe safi. Tata anakuja kula sikukuu kwetu."

Tata ni baba yake, mwalimu mstaafu kutoka Muleba. Tangu nimuoe binti yake hakuwahi kukanyaga kwangu. Nilimwogopa kuliko meneja wa ghala.

Nikaona nimshangaze. Badala ya kufagia, nikawatangazia watoto kwamba tunapamba.

Madukani hakukuwa na pambo lolote, kwa hiyo tukajitegemea. Nyota tukasuka kwa magamba makavu ya mgomba. Yangu ilitoka kama kaa. Gundi nikapika kwa unga wa muhogo (Mugisha aliila karibu nusu, hakuugua). Ikabaki minyororo ya karatasi, na karatasi hatuna.

Koku akaingia chumbani, akarudi na bunda zima.

"Umetoa wapi?"

"Kwenye sanduku la mama, chini kabisa."

Nikadhani ni mambo yake ya zamani ya shule. Nilikuwa nakoroga gundi isiungue. Nikautupia jicho mwandiko mara moja, nikamwambia mtoto kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Aliyeandika hapa hajui hata kufuata mstari. Kata!"

Wakuu, mwandiko ulikuwa wangu.

Koku akakata, Mugisha akapaka gundi (na nywele akapaka), mimi nikaning'iniza. Hadi mchana mnyororo umezunguka sebule nzima. Nikasimama katikati, mikono kiunoni, najiona fundi.

Tata akafika kabla ya mke wangu, ana furushi la senene, wale panzi wa kuliwa, kwenye jani la mgomba. Nikapiga magoti nikamsalimia. Koku akamvuta mkono: "Babu, njoo uone tulivyotengeneza!"

Mzee akavaa miwani. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kuona maandishi akayapita. Akaanza pete ya kwanza, kwa sauti:

"'Adelina ua langu, sili, silali...'"

Mimi bado natabasamu. Nikajisemea, huyu jamaa kama namfahamu.

"'...moyo unachemka kama sufuria ya ndizi za ebitoke...'"

Hapo masikio yakapata moto. Nikataka kumwahi mzee, nimechelewa. Mke wangu naye akatokea mlangoni, sukari kichwani, akasimama hapo hapo.

Tata akahamia pete nyingine.

"'Lakini baba yako mjoyo. Nimetoka Bukoba hadi Muleba, ananipa senene sita kwenye sahani...'"

Hata Mugisha aliacha kulamba vidole.

Mzee akavua miwani.

"Walikuwa tisa," akasema. "Mwaka ule senene hawakuanguka. Tisa ndio waliokuwamo nyumba nzima. Mama yenu akasema, mpe mgeni."

Nikaanguka magotini. "Tata, nisamehe, waitu."

"Inuka, gundi itakushika na sakafu." Akakaa kwenye kiti. "Tena ni mchoyo, kwa ch. Si mjoyo."

Afadhali angenipiga.

Mke wangu akatua sukari, akapanda stuli, akashusha mnyororo pete moja moja akiweka kwenye ungo. Watoto wakalia wakidhani wamekosa wao. Ndipo nikaelewa: barua hizo amezitunza miaka yote, mimi nimezikata kwa asubuhi moja.

Sikukuu tukaila chini ya nyota kaa. Tata alikula vizuri na kucheka na wajukuu. Mimi nilimeza tu.

Alipoondoka, Adelina akaniwekea daftari mezani. "Ziandike upya. Zote."

Nikaandika: "Mpendwa Adelina, natumaini u mzima wa afya."

Akasoma. "Hii ni ya kuomba likizo."

Ya pili akasema natangaza mnada. Ya tatu hakuimaliza.

Ya nne nikaacha maua na sufuria. Nikaandika nilivyomwona mlangoni, sukari kichwani, ametoka foleni, na aibu iliyonipata. Basi.

Akasoma amesimama. Akaikunja, akaingia nayo chumbani. Nikasikia sanduku linafunguliwa, linafungwa, kisha kufuli.

Sanduku lile halikuwahi kuwa na kufuli.

Nilichojifunza: kabla hujampa mtoto mkasi, soma karatasi. Na usimseme mtu kuhusu alichokupa kabla hujajua kimebaki nini jikoni kwake.

Nanyi mliowahi kuharibu sikukuu kwa mikono yenu wenyewe, tiririkeni hapo chini. Nisibaki peke yangu.