Kumtafuta Babu Kwenye Intaneti

Mwaka ule masikio ya nyanya yalikuwa yakiziba taratibu, na hatukuwa na la kufanya. La kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto bado lilipokea sauti ya karibu, na kabla nalo halijazima alitaka kitu kimoja tu: kumsikia babu akiimba.

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Alikuwa mpigaji wa obokano, kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane. Siku moja mtafiti Mzungu alifika nyumbani kwetu Sironga, upande wa Nyamira, na mashine ya kanda, akamrekodi, akaenda zake. Sauti ya babu haikubaki popote pengine duniani.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa fasihi, mwepesi wa kuahidi. Mwalimu wetu chuoni alitugawia karatasi zenye anwani za mahali ambapo tafiti za historia, lugha na mila zilikuwa zimeanza kuwekwa kwenye intaneti. Mojawapo ilikuwa orodha ya kanda za nyimbo, huko ng'ambo katika chuo alikofundisha yule mtafiti. Anayetaka nakala ataje nambari ya kanda, naye atatumiwa, moja tu kwa kila mwombaji. Nikaweka mdomo kwenye sikio la nyanya, nikamwambia kwamba babu nimemwona alipo, nitamleta.

Kisii mjini nilijua mashine moja tu ya intaneti, nyuma ya duka la vitabu la mama wa Kihindi aliyezungumza Ekegusii kuwashinda vijana wengi wa kwetu. Nilikwenda na mama yangu. Laini ya simu ililia, ikakoroma, ikashika. Nikaandika jina la babu. Hakuna. Nikatanguliza la ukoo. Hakuna.

"Mama, wewe ulikuwepo siku ile. Mtafiti aliandika jina gani?"

Mama alijifunga leso upya. "Aliniuliza mimi. Babu yako alikuwa amekwenda kunawa."

"Ukamwambiaje?"

"Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Nimtaje baba mkwe kwa jina mbele ya mgeni? Nilisema omogaka."

Omogaka ni mzee tu, mzee yeyote mwenye boma lake. Mwenye duka alicheka mpaka miwani ikateleza. "Basi mtaje leo, mama. Mashine haitamwambia."

"Wewe wa kwako unamtaja?"

"Baba mkwe? Mimi hata huyu," akamwonyesha kwa kidevu mumewe aliyekuwa akipanga kalamu mbele ya duka, "tangu tuoane sijamwita jina. Namwita sikia."

Nikaandika omogaka. Kioo kilikaa cheupe kwa muda mrefu, kisha wakaanza kushuka, mstari kwa mstari. Omogaka, obokano, Nyamira. Omogaka, obokano, Ogembo. Omogaka, obokano, Nyamira tena. Kioo kilijaa, na chini yao walikuwepo wengine. Niliona kilima kwa kilima, mgeni ameinamia karatasi yake, na mbele yake mke wa mwana, kijana, macho chini, akijibu kwa heshima neno lile lile. Na yule mgeni kila mara ameliandika, ameshukuru, ameondoka na mzee asiye na jina.

Hapakuwa na kijiji, wala maneno ya kwanza ya wimbo. Nambari tu.

"Chagua mmoja wa Nyamira," mwenye duka alisema, sasa bila kucheka. "Huenda ndiye."

"Na akiwa siye?" mama aliuliza. "Nimpelekee mama mkwe sauti ya mume wa mtu?"

Nilishika kipanya, nikakiachilia, nikakishika tena. Kisha laini ikakatika na wazee wote wakaganda pale walipokuwa. Mwenye duka alipiga simu tena na tena, na kila mara ililia tu.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu, jioni jua likiwa bado lipo. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda uani. Alikuwa amewafukuza kuku wote hadi kwenye migomba ili pawe kimya, na kitambaa cha kichwa amekisukuma nyuma, sikio la kushoto likiwa wazi.

"Haya," alisema. "Mwacheni aimbe."

Mama alinitazama. Mimi nilimtazama yeye. Nyanya akafumba macho, akasogeza kichwa karibu yetu zaidi.