Kengele Niliyoizima

Mwaka 2008, nikiwa na miaka hamsini na tatu, mambo yangu yalianza kuharibika. Aliyeyaharibu ni mimi. Msinitafutie mchawi!

Shule niliishia la nne. Biashara nilijifunza kwa miguu yangu mpaka nikafika Guangzhou, nikawa natengenezesha mashine za kutotolesha vifaranga na kuzisafirisha Tanzania. Chipu ya kizamani iliyoziendesha ikaadimika. Neema, binti wa Mwanza mwenye meza yake ya ufundi kwenye jengo la Tianxiu mjini humo, akaniandikia programu ya kuifanya chipu mpya ijifanye ile ya zamani. Kazi safi, ila kasoro moja.

Mashine ilikuwa inagawa kipimo cha joto kwa kipimo cha unyevu. Ukiiwasha, vyote viwili ni sifuri kwa dakika moja hivi. Waya wa unyevu ukikatika, joto lipo, unyevu sifuri. Chipu ya zamani ilijua hizo ni hitilafu mbili: sifuri kwa sifuri, subiri; namba kwa sifuri, piga kengele. Ya Neema ilizichanganya, ikawa inalia kila ikiwashwa.

"Mzee, nipe siku nne nizitenganishe."

"Siku nne! Huoni polisi mlangoni wanakagua pasipoti?" Msako ulikuwa mkali, viza yangu ilibakiza wiki, na kontena letu lilitakiwa bandarini Nansha kesho yake. "Zima kengele."

"Nikizima, ikigawa kwa sifuri itajijazia jibu sifuri na kunyamaza. Itadhani ni baridi, itazidi kupasha. Mayai yataiva, mzee."

"Binti, miaka thelathini sokoni sijaona mtu anagawa kwa sifuri. Anawagawia nani, majini?"

Wafanyabiashara wenzangu waliokuwa pale wakacheka. Nikavimba kichwa! Neema akakataa kugusa. Nikaipeleka kwa fundi Mchina wa ghorofa ya chini. "Sawa, laoban," akasema. Bosi, ndiyo maana yake. Nilifurahi kuitwa hivyo. Kengele ikanyamaza.

Miezi michache baadaye, nikiwa nimepata viza mpya na kurudi Guangzhou, akapiga simu dada yangu Salome, kutoka Dodoma. Yeye na wajane wenzake walijaza mayai yao yote kwenye mashine yangu. Panya akatafuna waya.

"Kaka, tumefungua mlango tukakutana na mayai ya kuchemsha! Si ulisema italia?"

Hapa ndipo dhambi yangu. Nikamjibu, "Ni Neema huyo. Programu yake mbovu."

Nikausambaza uongo huo Tianxiu nzima. Wateja wakamkimbia. Aliyeahidi kumwandikia barua ya viza akaghairi. Viza ikaisha, polisi wakamkamata kwenye ngazi, akarudishwa nyumbani. Alinipigia mara moja tu, akiwa uwanja wa ndege.

"Mzee, waambie ukweli."

Nikakata simu. Jamani, nilikata simu!

Neema, popote ulipo: programu yako ilipiga kelele kupita kiasi, basi. Aliyeifunga mdomo ni mimi.

Nawe mwenye mtaji na elimu ndogo kama mimi, fundi akikuomba siku nne, mpe. Ukishupaa, basi beba kosa lako mwenyewe.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu, duka la spea za baiskeli, mbuzi sita, na ile mashine, niliyoichukua kwa dada. Huwa naiwasha, nachomoa waya wa unyevu, nasikiliza. Haisemi kitu.